Haraka ya Agosti Huanzia Kwenye Kadi ya Kliniki

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka mwezi Julai, miji ya Nyanda za Juu Kusini huingia katika msimu mdogo ambao haumo kwenye kalenda ya mkulima wala ya mfanyabiashara. Kwenye stesheneri za Mwanjelwa na Kabwe, jijini Mbeya, foleni ya watu wa kutoa kopi huanza kufanana: mzazi, kijana, bahasha ya kaki iliyokunjika pembe, na barua ya udahili ya chuo cha ng'ambo inayosubiri kuchapishwa kutoka kwenye simu. Barua inasema masomo yanaanza Septemba. Mwaka huu msimu umekuja na lalamiko ambalo nimelisikia kwa maneno karibu yale yale Mbeya, Makambako na Iringa, kwamba vyuo vya nje na balozi zao wanatuonea kwa kutupa wiki nne au tano za kujiandaa, muda ambao mkazi wa Dar es Salaam anaumudu lakini mtu wa Ludewa au Kyela haumudu.

Kipande cha mwisho cha lalamiko hilo kina ukweli, nami nitakirudia. Kipande cha kwanza kimebisha hodi mlango usio wake. Haraka ya Agosti, kwa sehemu kubwa, tunaitengeneza wenyewe, kwanza kwa kalenda yetu ya mitihani na pili kwa karatasi ambazo zilipaswa kunyooshwa miaka mingi kabla ya barua kufika. Na kwa mwanafunzi anayejilipia mwenyewe, yaani asiye na ufadhili, nasema bila kuzunguka kwamba barua ya Agosti inafaa kujibiwa kwa ombi la kuahirisha udahili, hata kama ukoo mzima umeshaambiwa kuwa mtoto anaondoka.

Tuanze na kalenda. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei. Mwezi unaofuata wengi wa wahitimu huitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, mafunzo yaliyorejeshwa mwaka 2013, na kwa miezi kama mitatu kijana yupo Itende, Mafinga au kambi nyingine ya mbali, akiamka alfajiri na kulima, bila simu ya kuaminika wala kompyuta. Matokeo humkuta huko huko. Sasa tazama upande wa pili. Maombi ya shahada ya kwanza Uingereza kupitia mfumo wao wa pamoja yana tarehe kuu ya mwisho mwezi Januari. Ufadhili wa serikali ya China, ambao umesomesha Watanzania wengi, hupokea maombi kwa kawaida kati ya Januari na Aprili. Vyuo vingi vya Ujerumani hufunga maombi ya muhula wa Oktoba tarehe 15 Julai. Kwa hiyo kijana wetu anapopata matokeo na kuanza kutafuta, nafasi zenye ushindani na zenye fedha ndani yake zimeshagawiwa kwa watu walioomba wakiwa bado darasani, kwa alama za muda na barua za walimu. Hakuna aliyemfungia mlango kwa makusudi; ratiba mbili zimepishana tu.

Swali linalofuata huulizwa mara chache: ikiwa nafasi hizo zimekwisha, hii barua ya Agosti imetoka wapi? Mara nyingine imetoka kwenye chuo kizuri kilichobakiwa na viti, na hilo si jambo la kudharau. Mara nyingine imetoka kwenye chuo binafsi kinachoishi kwa ada, ambacho kingempa barua mtu yeyote mwenye vyeti viwili na uwezo wa kulipa malipo ya awali. Katikati hukaa wakala, na ni jambo la kawaida katika biashara hii duniani kote kwamba wakala hulipwa na chuo kwa kila kichwa anachokipeleka. Simlaumu kwa kufanya kazi yake. Nasema tu kwamba yeye ananufaika na haraka. Mzazi akipewa miezi sita atauliza kama shahada hiyo itatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania siku mtoto atakaporudi. Atauliza, kama ni udaktari, Baraza la Madaktari Tanganyika linamtaka nini mhitimu wa nje kabla ya kumpa mafunzo kwa vitendo. Ataulizia bei ya chumba na ya chakula. Mzazi huyo huyo akipewa wiki tatu atauliza swali moja tu, la namba ya akaunti ya kulipia.

Hapo ndipo karatasi zinapoingia, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo safari nyingi za kutoka kwetu hukwama.

Pasipoti ya Tanzania ina ada ya shilingi 150,000, na ada hiyo ndiyo nyepesi kuliko yote katika jambo hili. Mwombaji anatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, na kitu kinachothibitisha kuzaliwa kwa mzazi wake, ama cheti, ama kiapo. Mzazi aliyezaliwa kijijini Busokelo au Kilolo miaka ya sitini au sabini mara nyingi hana cheti, kwa hiyo kinatafutwa kiapo, na kiapo kinataka wakili au hakimu, na jina la mzazi kwenye kiapo linatakiwa lifanane na lile lililo kwenye cheti cha mtoto. Halifanani. Kwenye cheti cha mtoto baba ameandikwa kwa jina la ubatizo, kwenye kitambulisho chake yumo kwa jina la nyumbani. Au mtoto alipoanza darasa la kwanza aliandikishwa kwa jina la ukoo kama jina la tatu, na mdogo wake akaandikishwa kwa jina la babu, hivyo ndugu wa baba mmoja mama mmoja wanaonekana kwenye makaratasi kama watu wasiojuana. Jina la shule ya msingi ndilo hubebwa hadi cheti cha kidato cha nne, na baada ya hapo kulibadili ni safari nyingine kabisa.

Mkoa wa Mbeya una historia yake hapa. Mwaka 2013, wakati Songwe ikiwa bado ndani yake, Mbeya ulikuwa mkoa wa kwanza kupokea mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata. Ulikuwa mpango mwema na uliwafikia watoto ambao vinginevyo wangekuwa hawana cheti hadi leo. Wakubwa wa kundi hilo, waliozaliwa mwaka 2008 na kuendelea, ndio wanaoanza kufika kidato cha tano na cha sita sasa. Lakini vyeti vile viliandikwa kwa mkono, papo hapo, mara nyingi kwa kufuata kadi ya kliniki, na kadi ya kliniki huandikwa na muuguzi anayesikiliza huku mtoto analia na foleni ni ndefu. Majina yetu ya Kinyakyusa hayana huruma na mtu anayesikia nusu. Anyelwisye huwa Anyerwisye, Ambakisye hupoteza herufi moja na hakuna anayeona hadi miaka kumi na saba ipite.

Nina mfano mmoja wa nyumbani, nao unatosha. Mpwa wangu wa Tukuyu alipata barua akiwa na siku 26 mkononi. Cheti cha kuzaliwa kilisema Tulinagwe, cha kidato cha nne kilisema Tulinagwa. Alinipigia akiwa amesimama nje ya ofisi moja aliyorudishwa, akauliza, "Mjomba, kweli hii a ndiyo itanizuia?" Ilimzuia siku 11. Kiapo cha kwanza kilikataliwa kwa sababu kilitaja majina mawili na yeye ana matatu; cha pili kilikuwa sahihi lakini mhuri wa wakili haukusomeka kwenye nakala iliyopandishwa mtandaoni. Pasipoti ilipotoka, miadi ya viza iliyokuwa karibu ilikuwa baada ya tarehe ya kuripoti. Hakusafiri mwaka ule.

Nimesikia hoja kwamba makosa haya hayawezi kurekebishwa mapema, kwa kuwa fomu ya pasipoti yenyewe huuliza ushahidi wa safari, na ushahidi wa safari ni ile barua ambayo haijafika. Ni hoja yenye uzito, na ingefaa Uhamiaji waifikirie kwa wanafunzi. Lakini inahusu kipande cha mwisho tu. Cheti cha kuzaliwa, uhakiki wake RITA, kiapo cha mzazi, namba ya NIDA pale mtoto anapotimiza miaka 18, na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa msajili wa hati pale tofauti inapozidi herufi moja, vyote hivyo havingoji barua ya mtu yeyote. Vingeweza kukamilishwa wakati wa likizo ya kidato cha tano.

Karatasi za fedha ni ugumu mwingine, na huku kwetu una sura yake. Utajiri wa familia nyingi za Mufindi, Njombe na Rungwe haukai benki. Umesimama shambani: ekari nne za misindano, mikaratusi pembezoni, miparachichi iliyoanza kuzaa, ng'ombe wawili wa maziwa. Mtu huyo anaweza kuwa na uwezo wa kumsomesha mtoto kuliko mwajiriwa wa mjini mwenye taarifa ya benki iliyonyooka, lakini afisa wa viza hasomi msitu. Uingereza, kwa mfano, inataka fedha ya ada na ya kujikimu iwe imekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, na ikiwa akaunti ni ya mzazi, inataka cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha kuwa huyo kweli ni mzazi. Tazama jinsi yale majina yanavyorudi. Ujerumani huwataka wengi waweke euro 11,904 za mwaka wa kwanza katika akaunti maalumu iliyozuiwa, ambayo mwanafunzi huchota kidogo kidogo kila mwezi. Ni zaidi ya shilingi milioni 30. Mkulima anayepata habari hizi mwanzoni mwa Agosti anawezaje kuwa na fedha iliyokaa siku 28 kabla ya Septemba? Anauza haraka, au anakopa kwa ndugu fedha ya kupitisha tu kwenye akaunti. Njia hii ya pili ni udanganyifu. Ikibainika, ombi linakataliwa na jina la kijana linabaki na doa katika maombi ya baadaye.

Umbali nao hauna utani. Balozi na vituo vya kupokea maombi ya viza vipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya na kama 500 kutoka Iringa. Anayeomba viza ya Uingereza ya zaidi ya miezi sita anapimwa kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa, nayo haipo Mbeya, hata kama Hospitali ya Rufaa ya Kanda ina mashine na madaktari wa kuifanya kazi hiyo. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku imekuwa afadhali, kwa sababu mtu huondoka jioni na kuamkia Mbezi, akashughulikia lake na kugeuza. Hata hivyo kila karatasi iliyokosewa ni nauli mbili na malazi. Hapa nakubaliana na walalamikaji kabisa: mwanafunzi wa Kinondoni hurekebisha kosa lake kwa daladala.

Sasa niwape haki wanaotetea kukimbia, maana si watu wasiofikiri. Hoja yao ya nguvu ni kwamba milango ya nje haikai wazi ikikungoja. Kanada iliweka ukomo wa vibali vya wanafunzi Januari 2024. Marekani iliiweka Tanzania katika orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya viza kuanzia Januari 1, 2026, viza za wanafunzi zikiwemo, na vijana waliokuwa wameahirisha kwenda huko wakajikuta wameahirisha jambo ambalo limeondoka mikononi mwao. Hoja ya pili ni kwamba ufadhili, tofauti na udahili, mara nyingi hauahirishwi. Usipokwenda, jina linalofuata linapandishwa. Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, na akina mama ndio huisema: binti anayebaki nyumbani mwaka mzima baada ya kidato cha sita hupata wachumba kabla hajapata chuo, na fedha ya ada iliyokaa mwaka mzima hupata misiba, wagonjwa na paa la kuezeka.

Hoja ya pili naikubali moja kwa moja, na ndiyo maana nimetenga wenye ufadhili. Mwenye ufadhili wa kweli akimbie, na akimbie kwa mpangilio: majina kwanza, pasipoti pili kwa sababu kila fomu nyingine huuliza namba yake, kisha safari moja ya Dar es Salaam iliyobeba vipimo, alama za vidole na uhakiki wa vyeti kwa pamoja, badala ya safari nne za kitu kimoja kimoja. Aandikie chuo mapema pia, siku ile ile anapoona pasipoti inachelewa, aulize mwisho wa kuripoti ni lini hasa; vyuo vingi vina siku za nyongeza ambazo hazimo kwenye barua ya kwanza. Hoja ya tatu siwezi kuipuuza, ila inahusu namna familia inavyomlinda binti na fedha yake, na ndege ya Septemba haimalizi tatizo hilo. Ada ya mwaka wa pili nayo italazimika kukaa mahali.

Ya kwanza ina makali pande zote mbili. Mlango unaoweza kufungwa kwa tangazo la siku moja ni mlango ambao hutaki kuuzia misindano yako yote ili uingie mwaka wa kwanza tu. Watanzania waliokuwa Wuhan mwanzoni mwa 2020, na waliokuwa Ukraine vita ilipoanza Februari 2022, hawakufanya kosa lolote la maandalizi. Lakini waliokuwa na vyeti halisi mikononi, fedha ya dharura na taarifa zao kwa ubalozi walikuwa na la kushika. Ukraine hatukuwa hata na ubalozi wa kukimbilia. Mambo hayo matatu ndiyo ya kwanza kuachwa pale mtu anapofunga begi kwa wiki tatu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayotembea zaidi kwenye daladala na kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi: mtoto wa fulani alipata barua, akaondoka ndani ya wiki tatu, na sasa yuko mwaka wa tatu. Sina shaka kwamba yupo. Lakini tunamjua kwa sababu alifika. Waliokwama hawatumi picha. Wamerudi dukani kwa mjomba, wamejiunga na chuo cha hapa hapa wakiwa wamechelewa dirisha la maombi ya mkopo wa HESLB, na familia zao hazipendi kulizungumza. Zaidi ya hapo, ukimuuliza huyo mtoto wa fulani vizuri, mara nyingi utakuta alikuwa na pasipoti tayari kwa sababu aliwahi kwenda Zambia na kwaya, au baba ni mtumishi mwenye mshahara unaopitia benki. Wiki tatu zake zilikuwa na miaka nyuma yake. Ndugu wa hoja hii ni ile ya "mengine utayamaliza ukifika", ambayo sijaisikia ikisemwa na mtu yeyote aliyewahi kufika.

Kuahirisha kwenyewe si jambo kubwa kama linavyoogopwa. Ni barua ya aya mbili, iliyotumwa kabla ya tarehe ya kuripoti, ikieleza sababu na kuomba kuhamishiwa muhula unaofuata, ambao kwa baadhi ya programu ni Januari au Februari na kwa nyingi ni Septemba ijayo. Kama malipo ya awali yameshafanyika, barua iulize kwa maandishi kama yanahamia. Chuo kinachokataa kuahirisha kwa mwanafunzi anayejilipia, na kinachoshikilia kuwa ni sasa au basi, kimekuambia jambo la maana juu yake, nalo ungechelewa kulijua kwa njia nyingine. Mwaka unaopatikana hapo si mwaka wa kukaa. Ndani yake kuna nafasi ya kuomba ufadhili ule wa Januari ambao kijana aliukosa kwa kutojua, safari hii akiwa na matokeo kamili mkononi. Kwa mhitimu mwenye alama nzuri kutoka Loleza au Tosamaganga, hiyo peke yake inatosha kufanya Agosti iwe mwezi wa kuandika barua ya kuahirisha.

Iliyobaki ni kazi ya shule, na ni ndogo kuliko inavyoonekana. Mwalimu wa taaluma anaweza, kidato cha tatu, kumtaka kila mwanafunzi alete cheti cha kuzaliwa, akakiweka kando ya orodha ya usajili wa mtihani, akasoma herufi kwa herufi. Darasa la wanafunzi 50 ni kazi ya mchana mmoja. Tofauti ikionekana hapo bado kuna muda wa kuirekebisha upande ulio rahisi, kabla Baraza la Mitihani halijaichapisha kwenye cheti ambacho kijana atakitumia maisha yake yote.

Mzazi naye ana hesabu yake. Msindano wa Mufindi unahitaji kama miaka 18 hadi 25 ili utoe mbao za thamani. Wanunuzi wanaopita vijijini Julai na Agosti wanajua vizuri ni nyumba ipi imepata barua ya ng'ambo, na bei wanayoitaja kwa mti wa miaka tisa huanzia hapo.